Mstari wa Ngapi?

Mwalimu anaandika sentensi moja ubaoni, kwa Kiingereza: "The fisherman took his plimba." Kisha anapangusa chaki vidoleni, anaegemea ukuta, anakaa kimya.

Ni Jumamosi asubuhi katika komini ya Mangobo, mjini Kisangani. Shule nzima imelala isipokuwa darasa hili. Ndani wamebanana wanafunzi wa mwaka wa mwisho wa sekondari, mafinalisti kama wanavyojiita wenyewe, watatu watatu kwenye dawati la wawili. Dirisha halina kioo, kwa hiyo kila pikipiki inayopita inachangia somo.

"Mvuvi alichukua nini?"

Majibu yanamwagika. Wavu, anasema mmoja. Kasia. Mtumbwi. Ndoana. Msichana wa nyuma anasema chakula, wenzake wanacheka, lakini mwalimu hacheki. Kwa sentensi hiyo moja, chakula ni jibu halali sawa na wavu. Anaandika ya pili: "He tied his plimba to a tree." Chakula kinatoka. Kasia linatetewa na vijana wawili kwa nguvu, halafu nalo linaachwa. Wavu bado uko hai, maana wavu hufungwa mtini ukauke. Ya tatu: "The plimba was old, and water came in." Hapo darasa zima linapiga kelele kwa pamoja: mtumbwi!

"Nani aliwafundisha neno hili?"

Hakuna. Wala hakuna ambaye angeweza kuwafundisha, kwa sababu neno hilo halipo. Mwalimu alilitunga mwenyewe, njiani, akiwa amepakiwa nyuma ya toleka, zile baiskeli za abiria za mji huu. Mimi nilikuwa benchi la mwisho na daftari langu. Nimekaa katika madarasa mengi ya Kiingereza tangu nilipokuwa na kaptula, na sikumbuki dakika kumi zilizofanya kazi kubwa kama zile.

Wanachojiandalia ni Mtihani wa Dola, ambao Kongo nzima huuita Exetat. Kuna sehemu ya awali, ambamo mtahiniwa huandika insha ya Kifaransa, kisha kinakuja kikao cha kawaida cha siku nne. Siku ya lugha, Kifaransa na Kiingereza huja pamoja. Maswali ni ya kuchagua jibu. Swali huitwa itemu, na majibu yaliyopangwa chini yake huitwa asersio. Kwenye karatasi ya Kiingereza kuna kifungu cha habari, na chini yake itemu zinazouliza kama umekielewa. Anayepata asilimia 50 kwa jumla amefaulu. Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na huko Kiingereza ni lugha ya kazi, ila kijana wa Mangobo mwezi huu hawazi Arusha. Anawaza hiyo 50.

Na akili yake tayari imebeba lugha nyingi. Sokoni anatumia Kilingala na Kiswahili, mara nyingi katika sentensi moja. Darasani ni Kifaransa. Kwa bibi yake ni Kilokele, au Kikumu, au Kitopoke. Kiingereza ni mgeni wa tano, na mgeni huyo hupewa saa chache kwa juma. Haongei nacho mtu yeyote. Anakutana nacho kwenye karatasi tu, kimeandikwa, hakimjibu.

Kwa hiyo kifungu cha habari, ambacho kwa mtoto wa Nairobi ni zoezi kama mazoezi mengine, hapa ndicho Kiingereza chote. Mwalimu huyu amelikubali jambo hilo, akaacha kulilalamikia, akalijengea ufundi.

Sehemu ya kwanza ya ufundi wake ni swali moja, na analirudia hadi wanafunzi wanalitaja kabla yake: mstari wa ngapi? Mwanafunzi akisema jibu ni la tatu, haambiwi ndiyo wala hapana. Anaulizwa mstari. Lazima aweke kidole kwenye daftari, asome sentensi iliyompa jibu. Asiyekuwa na mstari hana jibu, hata kama amepatia. Mara ya kwanza nilidhani ni ukali tu. Baadaye nilielewa anapigana na nini. Siku hiyo kifungu kilikuwa cha malaria, na asersio moja ilisema kwamba chandarua humkinga mtu na mbu. Nusu ya darasa iliichagua. Ni kweli, nani asiyejua? Zahanati zote za jimbo hili la Tshopo zinasema hivyo. Lakini kifungu hakikutaja chandarua hata mara moja. Kilizungumzia maji yaliyotuama.

"Unajibu yaliyo kichwani mwako," akamwambia kijana mmoja, bila hasira. "Hawakukuuliza hayo."

Kuzuia unachokijua ili usikilize kile ambacho mwingine amesema: watu wazima wengi hatukuwezi. Hudhuria mkutano wowote wa mtaa uone.

Sehemu ya pili ni mishale. Mwalimu anaandika: "The boat reached the island, but it was empty." Kisha anauliza hiyo "it" inarudi wapi. Wengine wanasema kwenye mashua, wengine kisiwa. Hapo anawapeleka kwenye Kiswahili, tena si cha barabarani, maana Kiswahili cha Kisangani hupenda kuangusha upatanisho njiani ili kiende mbio. Anakitaka Kiswahili cha vitabuni. Mashua ilifika kisiwani, lakini *ilikuwa* tupu. Mashua ilifika kisiwani, lakini *kilikuwa* kitupu. Kwa Kiswahili huwezi kukwepa, kiambishi kimeshakuamulia. Kiingereza kinakuachia kineno kimoja kidogo kinachofaa kwa mashua, kisiwa, mvua na hata habari nzima iliyotangulia, kisha kinakuuliza: ulielewa nini?

Basi kila kifungu kinachorwa mishale. Kila "it", kila "they", kila "which" inatolewa mshale hadi kwenye jina lake. Ubao ukimalizika unafanana na miti na kamba za mitego ya Wagenia, wavuvi wa pale kwenye maporomoko. Na sentensi inayofuata ndiyo inayoamua: ikiwa inasema watu walikuwa wamehama zamani, mshale unakwenda kisiwani. Ikiwa inasema nahodha alitoweka, unarudi kwenye mashua. Nilimwona binti mmoja akifuta mshale wake mara tatu, kila mara baada ya kusoma sentensi moja zaidi. Hakuna aliyemharakisha.

Kwenye maneno madogo ndiko damu inakomwagika. "Hardly", kwa mfano. Mwanafunzi anaijua "hard", anajua ni ngumu, kwa nguvu, basi "he hardly worked" anaisoma kwamba jamaa alifanya kazi kwa bidii. Kumbe jamaa ni kama hakugusa kitu. Au "few" na "a few", ambazo herufi moja inazitenga. Mwalimu anazieleza kwa msiba: kusema "watu wachache walikuja" kwa uchungu, ukitikisa kichwa, si sawa na kusema "walikuja watu wachache" kwa shukrani. Idadi inaweza kuwa ileile. Ya kwanza inalia, ya pili inashukuru. Hiyo ya msiba haiko kwenye kitabu chochote nilichowahi kushika, na sidhani kama kuna mtu darasani atakayeisahau.

Halafu kuna Kifaransa, rafiki anayekusindikiza mpaka mlangoni halafu anakusukuma shimoni. Mwanafunzi wa Kongo akiona neno la Kiingereza lenye sura ya Kifaransa hulikumbatia. "Actually" analifanya la sasa hivi, kumbe ni "kwa kweli". "Library" analigeuza duka la vitabu. Mimi mwenyewe nilikosa itemu kwa neno hilohilo, nikatoka chumba cha mtihani nikijisifu. Lililo baya kuliko yote ni "pass". Kwa Kifaransa, *passer* mtihani ni kuufanya tu, na matokeo utayangoja. Kwa Kiingereza, anayesemwa ame-"pass" amekwisha kufaulu. Mwalimu huliweka neno hilo kwenye kila kifungu anachotunga, mahali tofauti kila Jumamosi, kama mtu anayeficha ufunguo ili watoto wajifunze kuutafuta.

Anatunga mwenyewe, ndiyo. Itemu za miaka iliyopita zipo, fotokopi za fotokopi, na anazitumia. Lakini anasema zimezoeleka, wanafunzi wanakumbuka kwamba jibu ni la pili bila kukumbuka kwa nini. Kwa hiyo usiku anaandika vifungu vipya vya mistari kumi na mitano, umeme ukiwapo, na kama haupo, kwa taa ya simu. Asubuhi anavinakili ubaoni, na wanafunzi wananakili daftarini. Inachukua karibu nusu ya kipindi. Nilipomwambia kwamba fotokopi ingeokoa wakati, alinionyesha daftari la kijana mmoja. Mahali pa "their" kijana alikuwa ameandika "there". Hakuwa amekosea kuandika. Hakuwa ameelewa, na kalamu yake imemshitaki. Tangu siku hiyo sijaona tena kunakili kama kupoteza muda. Mwalimu anapita kati ya madawati akisoma makosa ya nakala jinsi mganga anavyosoma macho ya mgonjwa, na anajua nani amepotea kabla ya itemu ya kwanza.

Kuna jambo linalonichekesha ninapokaa pale. Mji huu umeandikwa kwa Kiingereza kuliko miji mingi ya Afrika. Joseph Conrad alifika hapa kwa meli ya mvuke mwaka 1890, wakati kituo kilipoitwa Stanley Falls, na kutokana na safari hiyo akaandika *Heart of Darkness*, iliyotoka mwaka 1899. V. S. Naipaul alitoa *A Bend in the River* mwaka 1979. Mji wake hauna jina, lakini kila mtu ameutambua, na msimulizi wake ni mfanyabiashara mwenye asili ya Kihindi aliyetoka pwani ya Afrika Mashariki. Wanafunzi duniani wamejibu maswali ya ufahamu kuhusu mto huu bila kuuona. Watoto wanaooga ndani yake ndio wanaotafuta "it" inarudi wapi. Siku mmoja wao atakapokisoma kitabu cha Naipaul kwa kidole chake, mstari kwa mstari, nitapenda kusikia atauliza nini.

Lakini mtu ninayemfikiria zaidi ninapoiona plimba ubaoni si Conrad wala Naipaul. Ni John Carrington, mmisionari Mwingereza wa Kibatisti aliyekuja mwaka 1938 kufanya kazi Yakusu, chini kidogo ya mto kutoka hapa, na baadaye akafundisha chuo kikuu cha hapa Kisangani. Carrington alijifunza kupiga lokole, lile gogo lililochimbwa lenye midomo miwili, mmoja wa sauti ya juu na mwingine wa sauti ya chini, ambalo Walokele walilitumia kutumiana habari kando ya mto. Alichokieleza ni hiki. Kilokele ni lugha ya toni, na gogo hupiga toni tu. Konsonanti na vokali zinabaki mdomoni. Sasa neno la mwezi, neno la kuku na jina la samaki fulani yote yana toni mbili za juu. Ukipiga toni hizo peke yake, anayesikiliza ng'ambo hajui kama umemtajia mwezi, kitoweo au samaki.

Kwa hiyo mpigaji hapigi neno peke yake. Mwezi huja pamoja na maneno yanayousema kuwa unaitazama nchi kutoka juu. Kuku huja na sifa ya udogo wake na mlio wake. Msikilizaji anangoja. Toni mbili za kwanza zinamwachia majibu kadhaa, zinazofuata zinamwondolea moja, zinazofuata tena zinamwondolea lingine, mpaka linabaki lile lililokusudiwa. Anayeharakisha akajibu kwenye toni za kwanza atatayarisha chungu cha kuku huku wenzake wanatazama mwezi.

Mababu wa baadhi ya wale vijana wa Mangobo walikuwa na ujuzi huo masikioni. Hakuna aliyeuita ufahamu, na hakuna aliyeutolea asilimia.

Carrington aliyaandika haya katika *Talking Drums of Africa*, kitabu chembamba kilichotolewa London mwaka 1949. Kipindi kilipokwisha nilimwambia mwalimu habari zake, naye akafunga daftari lake na kuuliza kimeandikwa kwa lugha gani. Kiingereza, nikamjibu. Akaomba aya moja tu, isizidi mistari kumi na mitano, ya kuandika ubaoni Jumamosi inayofuata. Nilimpelekea ile ya mwezi na kuku.