Fundi wa Komamanga

Matunda ya Tabora yakitajwa, embe hutangulia, maana miembe ndiyo kumbukumbu ya njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji. Lakini mwembe ukishashika ardhi hujilea. Mkomamanga hulelewa. Wengi huupanda uani kwa ajili ya maua yake mekundu, kisha hushangaa tunda halionekani.

Waomani waliokaa Tabora karne ya 19 walitoka nchi inayoujua vyema mti huu. Makomamanga ya Jabal Akhdar, huko Oman, yana sifa hadi leo. Hupenda jua kali na hewa kavu, na Tabora ina vyote viwili kuanzia Mei hadi Oktoba. Kinachobaki ni mkono wa fundi.

Fundi hapandi mbegu, kwa kuwa mche wa mbegu huenda usifanane na mama yake. Hukata tawi lililokomaa, nene kama kalamu, refu kiasi cha shubiri, akalifukia mpaka yabaki macho mawili juu ya udongo. Mti ukishika, hung'oa maotea yanayochipua shinani, akabakiza mashina matatu au manne. Vitawi vifupi vilivyokomaa haviguswi, kwani ndivyo vibebavyo maua. Mwenye panga la haraka hufyeka mavuno ya mwakani.

Kwa maua pia fundi ana jicho. Yenye kitako kinene mfano wa mtungi huweza kuzaa. Yaliyochongoka kitakoni huanguka. Jirani akiyaona yamepukutika huhuzunika. Fundi huyafagia, akaendelea na kazi.

Mtihani mkubwa ni maji. Tunda lililokaa na kiu, kisha likapata maji mengi ghafla, hupasuka: punje hujaa upesi kuliko ganda linavyoweza kutanuka. Kwa hiyo kiangazi kizima fundi humwagilia kidogo kidogo bila kuruka zamu, na hutandaza majani makavu shinani unyevu usitoroke. Hachumi mapema pia, maana komamanga haliivi kapuni. Husubiri miezi mitano hadi saba tangu ua, mpaka mviringo wa tunda uanze kuonyesha pembe na ganda likigongwa kwa kidole litoe mlio mkavu.

Mvua za kwanza za Novemba ndizo humsahihishia kazi. Matunda yaliyobaki mtini yakizipokea bila ufa, ujue Agosti, vumbi lilipokuwa limetanda, kuna mtu hakuacha kubeba ndoo.