Simu ya Kukunja

Kipya kinyemi, ingawa kidonda. Methali hii niliwafundisha wanafunzi kwa miaka mingi, nikiwataka watunge visa vya kuithibitisha, na sikumbuki hata siku moja kujiuliza kama mimi mwenyewe ningeweza kuwa mhusika wa kisa cha namna hiyo. Zamu yangu imefika uzeeni. Mpwa wangu anayefanya kazi Muscat alikuja likizo hapa Tanga akiwa na simu ya kukunja. Baada ya chakula cha mchana aliiweka mkekani, akaifungua kama mtu afunguavyo kitabu, na kioo chake kikatandazika chote mbele yetu. Nikaitamani.

Tamaa hiyo haikuwa ya bure. Tangu nistaafu ualimu, najipatia riziki kwa kuhariri miswada ya watu. Zamani miswada ililetwa kwa bahasha. Siku hizi yote huja kwa simu. Ukurasa uliopangwa kwa karatasi ya A4, yenye upana wa sentimita 21, unabanwa katika kioo cha upana wa sentimita 7. Ukiukuza uusome, unakimbia pembeni. Unausukuma kwa kidole kushoto na kulia, na ukifika mwisho wa mstari umeshasahau mwanzo wake. Simu ya mpwa wangu ikikunjuliwa ina upana wa kama sentimita 13. Maandishi yanakaribia kuwa makubwa maradufu. Kwa mtu wa kazi yangu hilo si jambo dogo.

Aliona nilivyoitazama. Akasema, "Mjomba, mimi nataka kuchukua mpya nikirudi. Hii nikupe kwa milioni mbili na laki nne. Mtu baki nisingempa kwa bei hiyo." Kisha akaondoka kwenda Pemba kuwatazama wakwe zake, akatumia simu yake nyingine, na hii akaniachia kwa siku tisa niijaribu. Fedha hizo nilikuwa nazo: ujira wa miswada miwili pamoja na akiba kidogo. Jina la kampuni iliyoitengeneza sitalitaja, kwa sababu mengi nitakayoyasema yanazihusu simu za namna hii kwa jumla.

Kwanza, historia yake kwa ufupi, maana mnunuzi hana budi kuijua. Mwaka 2019 Samsung ilitangaza Galaxy Fold kwa dola 1,980 za Marekani. Mwezi Aprili waandishi waliopewa za majaribio waliripoti kwamba baadhi zimeharibika baada ya siku chache tu: wengine waliubandua utando wa juu wa kioo wakidhani ni ile karatasi ya kinga inayotupwa, na nyingine ziliingiwa na uchafu. Uzinduzi ukaahirishwa, simu ikarekebishwa, ikaanza kuuzwa Septemba. Tangu hapo mambo yamesonga. Mwaka 2020 kilikuja kioo halisi chembamba sana kinachoweza kupinda. Mwaka 2021 zikaja zinazostahimili maji. Mwaka 2024 Huawei ikatoa Mate XT inayokunjwa mara mbili na kuwa na kurasa tatu. Jambo moja ambalo halikusonga ni bei. Samsung ilizishusha zake hadi dola 1,799 kwa muda, lakini ile ya mwaka 2025 ilitoka kwa dola 1,999, yaani zaidi ya ile ya kwanza. Ziko pia aina ndogo, zinazofungwa kama kijaluba cha tambuu, na bei yake ni nafuu. Lakini hizo ni simu za kawaida zilizofanywa zienee mfukoni. Msomaji wa miswada hazimfai kitu.

Sasa niseme haki yake. Siku ya kwanza nilisoma sura nzima ya muswada bila kuusukuma ukurasa pembeni hata mara moja. Niliweka muswada upande mmoja na kamusi upande wa pili, nikajiona kama nimerudi kwenye meza yangu ya ofisini. Picha za wajukuu zilipendeza. Uzito wake ni karibu robo kilo, nao katika mfuko wa kanzu unavuta chini kama jiwe. Lakini nilisema moyoni kwamba vitabu vizito zaidi nimevibeba maisha yangu yote.

Kwa mazoea ya ualimu, niliweka daftari. Kila nilipoikunjua nilichora kijistari. Siku ya kwanza vilikuwa 61. Siku ya nne vilikuwa 23. Siku ya tisa vilikuwa 8, na katika hivyo 8, viwili vilikuwa vya kuwaonyesha wageni. Kumbe kupokea simu, kujibu ujumbe, kutazama saa, kutuma fedha, yote hayo mtu huyafanya ikiwa imefungwa, kwa kioo cha nje, kama simu nyingine yoyote. Hata sinema nilizodhani zitakuwa kubwa hazikuwa kubwa sana, kwa kuwa kioo kilichokunjuliwa kinakaribia kuwa mraba na sinema ni ndefu kwa upana. Juu na chini panabaki weusi mtupu. Kilichobaki ni kazi moja tu ya kuikunjulia: miswada.

Watengenezaji hupenda kutueleza simu inaweza kukunjwa mara ngapi. Ile ya mwaka 2019 ilisemwa imejaribiwa kwa mashine mara 200,000. Kwa mtu anayeikunja mara 100 kwa siku, hiyo ni miaka mitano na nusu. Kwa mara zangu 8, ingenitosha miaka 68, nami nina umri wa miaka 64. Basi hesabu ya mikunjo si ya kumtia mtu hofu. Ila mashine ile haili mihogo ya kukaanga, haikai barazani wakati wa upepo wa kusi, wala haina mjukuu.

Tatizo nililoliona liko mahali penyewe pa kukunjia. Tazama vitu vyetu vinavyokunjwa. Mlango una bawaba pembeni. Mbuzi ya kukunia nazi ina egemeo lake chini ya makalio ya mkunaji. Ninayo marufaa ya marehemu baba yangu, aliyoiwekea Msahafu kila alfajiri. Imechongwa kwa ubao mmoja. Fundi aliupasua na kuusukia bawaba humo humo, bila msumari wala gundi. Inafunguka na kufungika mpaka leo, na mchanga ukiingia unadondoka wenyewe. Bawaba yake iko chini, maandishi yako juu. Hata kitabu, ambacho hukunjwa katikati kabisa, mpiga chapa hukiachia nafasi nyeupe kandokando ya mshono ili jicho lisilazimike kusoma ndani ya bonde. Kazi ya kuhakikisha nafasi hiyo inatosha nimeifanya kwa mikono yangu.

Simu ya kukunja haiachi nafasi hiyo. Mkunjo unapita katikati ya maneno. Mtu akiitazama kwa mbele haoni kitu. Ikiinama kidogo karibu na dirisha, mwanga unauonyesha kama mfuo mwembamba, na kidole kinauhisi kila kinapopita. Mpwa wangu aliniambia, "Utauzoea, Mjomba." Ni kweli, siku ya tatu nilikuwa nimeuzoea. Lakini mahali hapo palipo dhaifu kuliko pote ndipo panapotazamwa na kuguswa kuliko pote, na mazoea yangu hayapaongezei nguvu.

Kisha kuna vumbi. Nyingi ya simu hizi za kampuni kubwa za mwaka 2024 zina alama za kueleza zinastahimili nini. Galaxy Z Fold6, kwa mfano, ina alama ya IP48. Tarakimu ya pili, 8, inahusu maji, na ni nzuri. Ya kwanza, 4, inahusu vitu vigumu, na maana yake ni kwamba inazuia vile vyenye ukubwa wa kuanzia milimita 1. Chukua mchanga wa Raskazone kiganjani uutazame: chembe nyingi ni ndogo kuliko hapo. Mwaka 2025 Google ilitoa Pixel 10 Pro Fold yenye alama ya IP68, inayozuia vumbi kabisa, na hiyo ni hatua ya kusifiwa. Lakini simu tunazoletewa na ndugu zetu, zilizokwisha kutumika, ni za miaka ya nyuma. Na kioo cha ndani, hata kikiitwa kioo, kinafunikwa na utando wa plastiki, na utando huo hukwaruzwa hata kwa ukucha ukikaza. Mchanga ni mgumu kuliko ukucha kwa mbali.

Siku ya sita nilikwenda Ngamiani kwa kijana anayetengeneza simu zetu zote nyumbani. Hakuigusa mara moja; kwanza alifuta mikono. Akaifungua na kuifunga mara mbili, akaisogeza karibu na sikio kusikiliza bawaba. Nikamwuliza, kioo hiki kikiharibika itakuwaje? Akajibu, "Mwalimu, kukifungua nitakifungua. Kukirudisha ndiyo kazi." Akanieleza kwamba kioo chenyewe itabidi kiagizwe, hakiuzwi peke yake kwa urahisi kama vya simu nyingine, na kwamba nikishalipia kioo hicho nimeshanunua simu nyingine nzuri. Nilimshukuru sana. Fundi anayekwambia asichokiweza ni wa kushikwa kwa mikono miwili.

Hapo ndipo nilipoijua bei halisi. Milioni mbili na laki nne ilikuwa ni bei ya kuipata tu. Bei ya kuwa nayo ilikuwa ni hiyo, pamoja na kioo kimoja ambacho huenda nikakihitaji na huenda nisikihitaji. Tena muuzaji ni mtoto wa dada yangu. Ingeharibika baada ya miezi miwili ningemwambia nini? Ningenyamaza, naye angejua kwamba nimenyamaza, na Idi ijayo salamu zetu zingekuwa fupi. Biashara ya ndugu haina hati ya dhamana, na kioo kikipasuka, undugu nao huingia ufa.

Hata hivyo bado nilikuwa nataka kuinunua. Sharti niungame hili, maana bila hilo uhakiki huu ungekuwa wa uongo. Usiku wa saba nilikuwa nasoma nayo kitandani, nimekuza maandishi hadi mwisho. Mke wangu akaniuliza, "Mwalimu, sasa unaona?" Nikasema naona. Akasema, "Funga jicho la kushoto." Nikalifunga. Herufi zilikuwa kubwa kama za ubao wa darasani, na zote zilikuwa ndani ya ukungu.

Jicho langu la kulia lina mtoto wa jicho. Mwaka jana niliambiwa na daktari kwamba upasuaji wake ni wa muda mfupi: lenzi iliyofifia hutolewa, ikawekwa ya bandia. Nilisema nitarudi, sikurudi. Niliwaambia watu kwamba sina nafasi. Ukweli ni kwamba naogopa kisu jichoni. Basi katika hizo siku zote za kuhesabu sentimita na mikunjo, nilikuwa natafuta kioo cha kuniahirishia siku ile. Simu haikuwa na kosa katika jambo hilo. Ilitimiza ilichoahidi: ilikuza kila nilichokuwa nacho, na ukungu pia ukakua.

Jicho likipona bado sentimita 7 zitabaki kuwa sentimita 7, na miswada haitakoma kuja. Kwa hiyo nilirudi kwenye daftari. Kazi moja tu ya kuikunjulia. Kazi hiyo naifanya nimekaa, nyumbani, mezani. Kwa kazi ya namna hiyo kuna kishikwambi, kile ambacho Watanzania wengi tulikiona mikononi mwa makarani wa sensa ya mwaka 2022, na ambacho baadaye walimu waligawiwa. Cha kadiri ya inchi 10 au 11 kina upana wa kama sentimita 16, zaidi ya simu ile, hakina mkunjo, na bei ya cha kawaida ni sehemu ndogo ya bei niliyotajiwa. Hakiingii mfukoni, sawa. Lakini sijawahi kuhariri muswada nikiwa ndani ya daladala.

Je, simu ya kukunja inafaa kununuliwa? Namjua mtu ambaye ingemfaa: anayeshinda njiani, anayesoma hati na kulinganisha hesabu akiwa amesimama bandarini au garini, aliyeinunua mpya ikiwa na dhamana, mahali ambapo kituo cha matengenezo kipo, na ambaye ikimharibikia atakasirika tu, hatalala njaa. Kwa huyo ni chombo kizuri, na kila mwaka kinazidi kuwa kizuri. Asiye hivyo namshauri aiazime wiki moja kabla ya kutoa fedha, ahesabu vijistari vyake, na aende kwa fundi kabla ya kwenda kwa muuzaji.

Mpwa wangu aliporudi kutoka Pemba nilimpa simu yake ikiwa imefutwa vizuri. Akaniangalia, akasema, "Mjomba, basi nikupunguzie?" Nikamwambia bei yake haikuwa mbaya. Nikamweleza habari za jicho. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza ni siku gani, akasema ataahirisha safari yake ya Muscat mpaka hapo.

Ni Jumanne ijayo. Hofu bado ninayo.