Damu ya Nyani Aliyetishika

Wakulima wa Mkwaja, wilayani Pangani, wanaopakana na Hifadhi ya Saadani, wanajua jinsi nyani wa manjano anavyogeuka kufumba na kufumbua akishtuliwa shambani. Ndani ya mwili wake mgeuko ni mkubwa zaidi: homoni ya adrenalini hupanda kwa sekunde, ya kotisoli kwa dakika chache, na sukari ya damu hufuata. Ndiyo maana damu ya utafiti iliyotolewa kwa mabavu hupima purukushani, haimpimi mnyama. Hoja yangu ni kwamba upole ni sehemu ya kipimo chenyewe, kama ulivyo usafi wa sindano.

Mtafiti Robert Sapolsky, aliyeanza kuwafuatilia nyani wa Maasai Mara mwaka 1978, alilizingatia jambo hilo porini. Alipuliza kishale cha dawa ya usingizi kwa mrija, nyani akiwa hana habari, katika saa zilezile za siku kwa kuwa kotisoli hupanda na kushuka kulingana na saa. Mgonjwa hakulengwa, wala aliyetoka kupigana au kujamiiana. Damu ya kwanza ilitolewa mapema, kabla mshtuko haujaivuruga. Maabarani, Viktor Reinhardt, aliyefanya kazi Marekani, aliwafundisha kima wa rhesus kushirikiana wakiwa vizimbani mwao: kima hutoa mguu, huguswa, hushikwa, kisha huchomwa sindano kwenye mshipa wa shavu la mguu, na kila hatua ina tuzo ya chakula. Kotisoli yao haikupanda kwa kiwango cha maana. Kwa waliobanwa kwenye kifaa, ilipanda.

Wapo wanaosema mafunzo hula muda, na dawa ya usingizi ya ketamini inamaliza kazi upesi. Lakini ili achomwe ketamini, kima asiyefunzwa hubanwa kwanza, na hofu huitangulia dawa. Muda uliookolewa hapo hulipwa baadaye kwa matokeo yanayotawanyika na wanyama wengi zaidi kutumika. Wengine wanauliza kwa nini damu itolewe kabisa, ikiwa kinyesi na mkojo wa sokwe wa Gombe vimetosha kufuatilia virusi vya upungufu wa kinga, SIV. Wana haki: penye njia hiyo, itumike. Ila kinyesi huchanganya homoni za saa nyingi, hakionyeshi hali ya dakika moja. Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu 2008. Kwa hiyo mtafiti akiulizwa damu ilitolewaje, ajibu kwa ukamilifu uleule anaotolea takwimu zake.