Ufundi wa Kuipima Kasi

Uwanja maarufu wa michezo wa jijini Arusha una jina la mshairi. Sheikh Kaluta Amri Abeid, aliyekuwa waziri katika serikali ya Mwalimu Nyerere, ndiye mwandishi wa Sheria za Kutunga Mashairi, kitabu cha mwaka 1954 kilichowafunza wengi hesabu ya vina na mizani. Jina hilo linaufaa sana uwanja ule, maana mbio ndefu nazo ni kazi ya mizani. Mkimbiaji huhesabu pumzi, hatua na mizunguko, na akizidisha mapema hulipa mwishoni.

Wengi wakiwasifu wakimbiaji wetu huanza na nyanda za juu. Ni kweli, Arusha iko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, Karatu na Mbulu ziko juu zaidi, na mtoto anayekulia huko akipanda na kushuka vilima hupata mapafu yenye nguvu. Lakini vilima hivyo ni vya wote, na mabingwa ni wachache. Kinachowatenga ni ufundi, na ufundi wenyewe ni kujua uende kasi gani, wakati gani, na kwa nini.

Filbert Bayi, aliyezaliwa Karatu mwaka 1953, aliuonyesha ulimwengu ufundi huo tarehe 2 Februari 1974 huko Christchurch, New Zealand, katika fainali ya mita 1,500 ya Michezo ya Jumuiya ya Madola. Siku zile bingwa alitarajiwa kujificha ndani ya kundi, kisha afyatuke mwishoni. Bayi aliongoza tangu mlio wa bastola. Kufika mita 800 alikuwa amewaacha wenzake kwa mita 20 hivi, na walioamini kwamba angechoka walingoja bure. John Walker wa New Zealand alimkaribia sana, lakini Bayi alimaliza kwa dakika 3:32.2, rekodi mpya ya dunia. Mwaka uliofuata, mjini Kingston, Jamaika, akavunja na rekodi ya maili moja kwa dakika 3:51.0.

Tumelelewa na methali kwamba haraka haraka haina baraka. Bayi hakuwa na haraka. Alikuwa na kasi aliyoijua kwa undani, kasi ambayo mwili wake ungeweza kuibeba mpaka mwisho na ambayo wenzake wangeogopa kuifuata. Juma Ikangaa naye aliwasumbua wapinzani kwa kuongoza mbele yao, na mwaka 1989 akashinda marathoni ya New York kwa saa 2:08:01.

Alphonce Simbu, mzaliwa wa Singida anayefanya mazoezi Arusha, alikuja na ufundi wa upande wa pili. Alikuwa wa tano katika marathoni ya Olimpiki ya Rio 2016, akapata shaba ya dunia London 2017, kisha akasubiri miaka minane. Tarehe 15 Septemba 2025 mjini Tokyo alikaa kundini kwa zaidi ya saa mbili bila kujitangaza. Amanal Petros wa Ujerumani alikuwa mbele wakiwa tayari ndani ya uwanja, na Simbu akampita penye mstari wenyewe. Wote wawili waliandikiwa saa 2:09:48, yaani dakika 3 na sekunde 5 hivi kwa kila kilomita. Ile ilikuwa dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano ya dunia ya riadha.

Bayi alishinda kwa kutangulia, Simbu kwa kusubiri, na mzizi wa ushindi wao ni mmoja. Mzizi huo hupandwa alfajiri, kwenye njia za udongo za upande wa Ngaramtoni na vitongoji vingine vilivyo chini ya Mlima Meru, kabla daladala na bodaboda hazijajaa barabarani. Kuna siku ya mwendo mwepesi, siku ya vilima, siku ya kasi uwanjani, na siku ya safari ndefu ya kilomita 30 au zaidi. Kijana hukimbia nyuma ya kaka zake, akijifunza kutulia wanapotulia na kubadili hatua wanapobadili. Hakuna maelezo ya mdomo yanayoweza kumpa kijana kipimo hicho cha kasi; hukipata kwa miezi, mwilini mwake.

Naupenda ufundi huu pia kwa sababu ya wale walioujenga kwa ridhaa. Bayi na wenzake walikimbia wakati ambapo kanuni za riadha zilimkataza mwanamichezo kulipwa. Walifanya kazi zao, wengi wao jeshini, na muda uliobaki wakautoa kwa mbio. Leo zawadi za fedha zipo, lakini mwanzo wa kila mkimbiaji bado ni wa ridhaa: mtoto wa shule, mwalimu wa michezo mwenye filimbi, na kiwanja cha vumbi.

Hapo ndipo pa kuwekeza. UMITASHUMTA na UMISSETA, mashindano ya shule za msingi na za sekondari, hukusanya watoto wenye miguu mizuri kila mwaka, kisha wengi hurudi nyumbani na habari yao ikaishia hapo. Halmashauri zetu ziwape walimu wa michezo saa ya kupimia, kiwanja kisichovamiwa na muda wa kufundisha. Nasi tuendeshao magari alfajiri, tupunguze mwendo tunapowaona vijana kandokando ya barabara. Wako kazini.