"Kurutubisha Bahari": Istilahi Itanguliayo Kipimo
Mnamo Julai 2012 wanakijiji wa Old Massett, Kanada, pamoja na mfanyabiashara mmoja wa Marekani, walimwaga baharini takriban tani 100 za salfeti ya chuma ili mimea midogo ya majini istawi na kufyonza hewaukaa. Mfasiri aliitaye tendo hilo "kurutubisha bahari" amekwisha kulisifu, maana kwetu shamba hurutubishwa livunwe. Hapa mavuno ni yapi? Mimea hiyo huliwa au huoza, na sehemu kubwa ya kaboni yake hurudi majini na hewani. Izamayo kilindini ndiyo hukaa. "Kuondoa hewaukaa" nalo ni neno la pupa. Tuseme "kufyonza", na "kuhifadhi" pale tu ilipothibitika. Na tendo lenyewe? "Kumwaga chuma baharini" yatosha; hata karani wa forodha ataelewa.