Jinsi ya Kumpima Straika wa Ng'ambo

Mtu akikwambia kijana wetu amefunga mabao ishirini huko nje, usishangilie bado. Muulize ni ligi gani, timu yake iko nafasi ya ngapi, penalti ni ngapi kati ya hizo ishirini, na nani anamlisha mipira. Idadi ya mabao ndiyo inayofika nyumbani kwanza kwa sababu inaenea vizuri kwenye kichwa cha habari, na ndiyo inayodanganya kuliko kitu kingine chochote. Straika anategemea kazi za wenzake. Winga asipopiga krosi na kiungo asipoinua kichwa, hata awe hodari namna gani ataitwa galasa.

Chukua Mbwana Samatta. Januari 2020 Aston Villa ilimnunua kutoka Genk ya Ubelgiji, akawa Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya England. Akacheza mechi 14 za ligi na kufunga bao moja. Vijiweni aliitwa galasa na watu ambao wasingeweza kukutajia jina la winga mmoja wa Villa. Timu ile ilikuwa inapigania kutoshuka daraja, ikapona siku ya mwisho ya msimu kwa kumaliza ya 17. Katikati hapo ligi ilisimama kwa ajili ya corona tangu Machi hadi Juni. Straika mgeni anahitaji muda wa kuuzoea mguu wa kila anayempa pasi, na Samatta hakuupata. Sisemi alifanikiwa England. Hakufanikiwa. Ila takwimu ile haikuwa kipimo cha kiwango chake.

Kiwango chake utakiona ukiyaweka pamoja mabao matatu aliyofunga kwenye viwanja vya England. La kwanza ni la Anfield, 5 Novemba 2019, akiwa bado na Genk kwenye Ligi ya Mabingwa Ulaya: kona ya Bryan Heynen, akaruka mbele ya waliomkaba, mpira ukampita Alisson. La pili ni la Bournemouth, 1 Februari 2020, mechi yake ya kwanza ya ligi na Villa. La tatu ni la Wembley, 1 Machi 2020, fainali ya Kombe la Ligi dhidi ya Manchester City, alipojirusha kuimalizia krosi ya Anwar El Ghazi. Mechi zote tatu timu yake ilifungwa 2-1, na mabao yote matatu ni ya kichwa.

Samatta si mnara. Mabeki wengi wa England wanamzidi kimo na uzito. Bao la kichwa la mtu wa namna hiyo halitokani na urefu bali na kuondoka mapema: anakisia mpira utaangukia wapi kabla haujapigwa, na anaianza safari yake wakati beki bado anautazama mguu wa mpigaji. Ukirudia picha za mabao hayo, usiutazame mpira. Tazama umbali kati yake na beki wake sekunde moja kabla ya krosi, kisha uutazame tena umbali huo mpira unapofika.

Hapo ndipo tatizo la kutazama kwenye televisheni linapojitokeza. Kamera inaufuata mpira, nasi tuliobanana kwenye kibanda umiza tunaifuata kamera. Straika anafanya sehemu kubwa ya kazi yake nje ya picha. Kwa hiyo marudio yanayoonyeshwa kutoka nyuma ya goli ni ya thamani kuliko bao lenyewe. Usiyatumie kwenda kununua karanga. Na ukibahatika kuwa uwanjani, mpe dakika kumi zako zote, mwangalie yeye peke yake. Je, anageuza shingo kuona aliko beki wa pili? Anasimama nyuma ya bega la beki, mahali ambapo beki hawezi kumwona yeye na mpira kwa wakati mmoja? Anakwenda mlingoti wa karibu hatua mbili halafu anarudi nyuma, au anakimbia mstari ulionyooka tu kama anawahi daladala? Anayekimbia mstari mmoja mara zote atafunga mabao kwenye ligi ya nyumbani, kisha atakwama nje, kwa maana huko beki ameshautazama mkanda wake tangu Jumanne.

Mguso wa kwanza akiwa ameligeuzia goli mgongo nao una maneno yake. Usihesabu kama ameutuliza mpira, maana wachezaji wa kulipwa wote wanautuliza. Angalia ameupeleka upande gani. Mzuri anausogeza mbali na beki kwa mguso ule ule, na pasi inayofuata inamkuta kiungo akiwa anatazama mbele. Kuotea sikuhesabii kama kosa kubwa. Straika asiyeotea hata mara moja kwa mwezi mzima huenda hajaribu kukimbia.

Penalti zihesabu, lakini kwa mizani yake. Takribani robo tatu ya penalti huingia, kwa hiyo anayefunga kumi kati ya ishirini kwa njia hiyo usimlinganishe na asiyepewa hata moja. Hata hivyo kuna penalti na penalti. Ya fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika 2015, Samatta akiwa na TP Mazembe mbele ya mashabiki wa Lubumbashi dhidi ya USM Alger, siwezi kuiita bao la bure.

Nimetaja Mazembe kwa makusudi, kwa sababu njia aliyopita mchezaji ni sehemu ya kumpima. Samatta alitoka African Lyon akaenda Simba, kisha mwaka 2011 akavuka kwenda Lubumbashi na kukaa huko karibu miaka mitano. Ulikuwa ni ugenini, lakini ugenini ambako sokoni watu wanaongea Kiswahili, mshahara unaeleweka na kila mwaka kuna mechi kubwa za Afrika. Alipotua Genk Januari 2016 alikuwa ameshatwaa ubingwa wa Afrika, na ameshatangazwa mchezaji bora wa mwaka kati ya wanaocheza ndani ya bara. Bado Ubelgiji haikumwona vizuri hadi msimu wa 2018/19: mabao 23 ya ligi, ubingwa kwa Genk, na Kiatu cha Ebony, tuzo ya mchezaji bora mwenye asili ya Afrika kwenye ligi ile. Msimu wa kwanza mgeni anaweza kufunga kwa sababu tu hawajamjua. Mimi nasubiri wa pili na wa tatu, wakishamjua.

Kwa Michael Olunga wa Kenya watu huanza na Novemba 2019, siku Kashiwa Reysol ilipoifunga Kyoto Sanga 13-1 na yeye peke yake akatupia manane. Ni rekodi tamu kusimulia, lakini ilikuwa ligi daraja la pili la Japani, siku ya mwisho ya msimu, na Kashiwa ndiyo iliyoongoza daraja hilo. Hata yale matatu aliyoifungia Girona dhidi ya Las Palmas Januari 2018 kwenye La Liga ni habari ya jioni moja. Kinachonishawishi ni 2020: daraja la kwanza, mabao 28, mfungaji bora na mchezaji bora wa ligi nzima. Hayo hayafungwi kwa mafuriko ya siku moja. Ni wiki baada ya wiki, dhidi ya makocha ambao hawakuwa na kazi nyingine zaidi ya kumzuia yeye. Alipohamia Al-Duhail ya Qatar, wengi walisema amefuata riyali. Labda. Lakini mwaka huo huo wa 2021 alikuwa mfungaji bora wa Ligi ya Mabingwa Asia, na mashindano hayo si ya kustarehe.

Ukitaka kuwaona wote wawili pamoja, tafuta mkanda wa Kenya na Tanzania, Cairo, 27 Juni 2019, Kombe la Mataifa ya Afrika. Olunga anasawazisha dakika ya 39, na kabla Wakenya hawajakaa Samatta anairudisha Tanzania mbele. Kenya ilishinda 3-2, Olunga akiwa na mawili. Timu ya taifa ni kipimo kikali kwa straika wa nje, kwa sababu pale halishwi na wale anaofanya nao mazoezi kila siku. Anayefunga kote kuwili hategemei mfumo mmoja.

Tusisahau kwamba ng'ambo ya mtu mwingine ni hapa kwetu. Fiston Mayele alitoka Congo akaja Yanga, akawa mfungaji bora wa Kombe la Shirikisho Afrika 2022/23, na Jangwani nzima ikajifunza kutetema, mtindo wake wa kushangilia bao. Alipohamia Pyramids ya Misri walisema atapotea. Juni 2025 alifunga kwenye fainali, Pyramids ikabeba Ligi ya Mabingwa Afrika.

Kuna kipimo kimoja kingine, na ndicho ninachokiamini zaidi: nani anamtaka akiwa hafungi. Baada ya Villa, Samatta alipita Fenerbahçe, akatolewa kwa mkopo Antwerp, na mwaka 2022 Genk, waliomjua hadi anavyofunga kamba za viatu, wakamrudisha kwa mkopo. PAOK ya Ugiriki ikamchukua 2023. Kule hakuwa mashine ya mabao tena, alikuwa wa kuushika mpira, kuwachosha mabeki na kuwaachia wengine njia, na 2024 akavaa medali ya ubingwa wa Ugiriki. Mwaka 2025 Le Havre ya Ligi Kuu ya Ufaransa ikamsajili akiwa na miaka 32. Klabu inayohesabu kila senti haimpi mkataba mtu wa umri huo kwa sababu ya bao la Anfield la miaka sita nyuma.