Chini Paache Giza

Fundi aliingia, akasalimia, akaketi kwenye kochi linalotazamana na kabati, akanyamaza. Mama alidhani ni uchovu, akamwekea chai. Akainywa yote bila kugusia habari ya kazi, macho yakishuka rafu moja baada ya nyingine, kisha akauliza swali ambalo sikulitarajia kwa mtu wa nyaya: "Mama, wageni wakija huketi wapi?"

"Hapo hapo ulipo."

"Basi leo mgeni ni mimi." Akainuka, akazima taa ya dari, akarudi kuketi gizani.

Nilikuwa nimemwita kwa shingo upande, maana kabla yake nilijifanya fundi. Kwenye kibanda kimoja hapa Busia nilinunua ukanda wa taa za LED wenye rimoti na rangi kumi na sita, ukiendeshwa kwa mawe matatu. Huku kwetu betri za tochi na redio bado ni mawe, hata kama mawe yenyewe siku hizi ni membamba kama kidole. Niliubandika kuzunguka fremu ya kioo, kama wanavyopamba matatu. Usiku wa kwanza watoto wa jirani walipiga makofi. Usiku wa pili kila rangi niliyochagua iligeuka nyekundu. Wa tatu gundi iliachia, ukanda ukaning'inia juu ya bilauri za harusi, na mama akanitazama tu.

Kabati lenyewe ni la mvule, la kimo cha kifua, lina milango miwili ya kioo ya kusukuma kando. Mna sahani za kauri ambazo nimeziona mezani mara mbili maishani, seti ya vikombe yenye birika lake, picha ya baba akiwa na suti ya kuazima, na vitambaa vya kufuma ambavyo mama huvianika kila Krismasi. Nani hajui kabati la namna hii? Wageni hawalishwi kwa vyombo vyake, huonyeshwa. Wala si ushamba wa bara. Katika nyumba za mawe za Lamu, waungwana wa kale walitoboa kuta zao zidaka, safu kwa safu, wakaziremba kwa chokaa na kupanga ndani yake kauri zilizovuka bahari kutoka China. Kidaka na kabati la mama ni ndugu. Vyote viwili vinasema: hapa kuna watu, na wana chao.

Tatizo la kabati la namna hiyo ni kwamba usiku hupotea. Taa ya dari hugonga kioo na kurudi machoni pako, ukajiona wewe badala ya sahani. Kuvuta stima mpaka pale kulimaanisha kutoboa ukuta, na mama huhamisha viti na makabati kila mwaka kama mtu anayetafuta kitu. Tena stima yenyewe ni ya leo ipo, kesho imepotea. Usiku wa Agosti 25, 2023 ilipotea karibu nchi nzima kwa mpigo. Kwa hiyo betri. Ila betri ina hesabu yake, na ni katika hesabu hiyo nilianza kumheshimu huyu kijana.

"Mwalimu," aliniambia, kwa kuwa ndiyo kazi yangu, "hukukosea taa. Ulikosea tumbo." Mita moja ya ukanda wa kawaida, wenye vijitaa 60 vidogo, hula karibu wati 4.8. Mawe matatu membamba, hata yakiwa mapya na ya maana, hubeba kama wati-saa 11. Gawanya mwenyewe: saa mbili na kidogo, tena kwa kukadiria kwa huruma. Na ule wekundu? Kijitaa chekundu huridhika na kama volti mbili, cha kijani na cha buluu hutaka karibu tatu. Mawe yakichoka, hao wawili hulala kwanza na mwekundu hubaki mlinzi. Nilicheka peke yangu. Nilikuwa nimeilaumu rimoti.

Akatoa ukanda wake mwenyewe, akachukua mkasi akaukata. Mimi nisingethubutu, lakini ukanda wa volti 12 umeundwa ukatwe: kila baada ya vijitaa vitatu pana alama na vidoa vya shaba vya kulehemu waya. Alichukua vipande vinne tu, vijitaa kumi na viwili, wati moja hivi kwa jumla. "Hii ni ya kutazamia vikombe," alisema, "si ya kufanyia upasuaji."

Kisha akatoa seli. Tulipokuwa watoto, mawe yalikuwa manene, yenye picha ya paka, ya kiwanda kile cha Nakuru kilichofungwa 2014. Yakiishiwa nguvu tuliyaanika juani au tuliyauma kwa meno ili redio imalizie mechi. Za fundi huyu ni za lithiamu, zimetolewa kwenye betri za laptopu zilizotupwa. Seli moja ina kipenyo cha milimita 18 na urefu wa 65, ndiyo maana huitwa 18650. Laptopu hufa kwa seli moja au mbili, na nyingine huwa bado zina uhai. Alizipima moja moja kwa mita yake ya mshale. Iliyosoma chini ya volti mbili aliiweka kando, na nilipouliza kama haiwezi kufufuliwa alitikisa kichwa kwa ukali ambao hakuwa nao kwenye chai: "Hiyo ukiilazimisha, siku moja itakuchomea nyumba." Akaunga tatu mfululizo, volti 11.1, zikijaa 12.6, akaweka na kibao cha kuzikinga zisijazwe wala kunyonywa kupita kiasi. Zote zikaingia kwenye mkebe wa bati nyuma ya kabati, mbali na vitambaa, mahali ambapo hewa inapita na jua halifiki. Kila seli ilikuwa imebakiwa na ampia-saa moja na nusu hivi. Hiyo ni kama saa kumi na sita za mwanga, yaani jioni tano za saa tatu tatu. Mama huuchomoa mkebe Jumapili na kuuchaji juu ya sakafu ya saruji, yeye mwenyewe akiwepo, kama alivyoagizwa.

Rangi ya mwanga ilichukua muda mrefu kuliko nyaya. Nilitaka nyeupe ile kali, ya dukani, nikiamini ndiyo safi. Taa nyeupe ya LED kiini chake ni cha buluu, kilichopakwa unga wa manjano. Na hiyo buluu si jambo dogo, waliofanikiwa kuitengeneza, Wajapani Akasaki na Amano pamoja na Nakamura, walitunukiwa Nobeli ya fizikia 2014. Unga ukiwa haba, mwanga huegemea ubuluu. Fundi aliwasha kipande cha kelvini 6500 mbele ya picha ya baba, na baba akawa maiti. Akawasha cha 3000. Mvule ukarudi kuwa mwekundu kama chai ya rangi, na uso ukapata damu.

Halafu akaanza kuificha taa. Kazi hii ina kiburi cha kinyume: taa ikionekana, fundi ameshindwa. Kwenye rafu ya kauri alikibandika kipande nyuma ya ukingo wa mbele, kikitazama ndani, ili sahani zimulikwe usoni na mgeni asiuone mwako. Kwenye bilauri aligeuza mambo, akaweka mwanga nyuma na chini, kwa sababu kioo hakipendezi kikimulikwa usoni. Hupendeza mwanga ukikipitia. Picha aliimulika kwa pembeni ili kioo chake kisirudishe mwako. Kabla ya kubandika popote, alifuta mbao kwa spiriti. Kumbe vumbi na mafuta ndivyo vilivyoniangusha, gundi haikuwa na kosa.

Lakini vijitaa viliakisiwa kwenye kauri kama macho ya panya, nukta nukta. Dukani kuna reli za alumini zenye kifuniko cha rangi ya maziwa. Yeye aliomba kopo tupu la siagi. Akakata kifuniko chake utepe mwembamba, akausugua kwa msasa pande zote mbili, polepole, akiuinua kila mara kuelekea mwanga, mpaka plastiki ikawa na ukungu sawasawa. Alipouweka juu ya vijitaa, nukta ziliyeyuka zikawa mstari mmoja laini. Nilitazama mikono ile ikisugua takataka kwa robo saa nzima na sikuona haja ya kumharakisha.

"Na rafu ya chini?" nikauliza.

"Pana nini?"

"Sufuria kuukuu, risiti, takataka za marehemu mzee."

"Basi chini paache giza. Ukimulika kila kitu, mgeni hajui aangalie wapi."

Juma moja baadaye mama alimpigia kulalamika. Mwanga ulikuwa umefichua vumbi na ufa katika kikombe cha tatu. Sasa anapangusa kila Jumamosi. Fundi alikuja akicheka, akamkuta amepanga upya. Mahali pa kikombe chenye ufa palikuwa na dainamo ya baiskeli, kutu ikiwa imekula nusu ya ganda lake. Baba alibeba abiria kwa baiskeli kati ya vituo viwili vya mpaka, kazi iliyozaa jina la boda boda, na kitu hicho ndicho kilichomulika njia yake. Miaka yote kilikuwa chini, kwenye risiti.

Fundi alikitoa, akakigeuzageuza. "Hii ni ya volti sita, wati tatu," alisema. Akatoa mita, akaniomba nishike waya mbili, akakisokota kigurudumu kwa kidole gumba. Kiligoma. Akatia tone la mafuta ya cherehani ya mama, akasokota tena kwa nguvu, na mshale ukapanda.